Lempi Kuoppala, Aliyeshuka Vilima Vyote vya Ziwa

Marehemu Lempi Kuoppala, binti wa Niskala, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Februari 1946, hapa hapa Mustalahti, ufuko wa kusini wa Ziwa Superior. Alizaliwa ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke cha nyumbani kwao, kama walivyozaliwa watu wote wa maana wa zama zile, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na maji ya moto na mahali safi. Baba yake, mzee Oskar, alikuwa mchimba shaba. Mama yake, Hilja, alifuga ng'ombe watatu na kuoka mkate wa iliki ambao mpaka leo hakuna jiko la Pendrick, kule kwa jirani zetu, lililoweza kuuiga, na watu wa Pendrick waliomo humu wasinune, wanajua ni kweli. Siku hiyo Ziwa lilikuwa bado halijaganda, upepo ulivuma kutoka kaskazini-magharibi, na theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya madirisha. Mkunga alikuja kwa skii. Alipomwona mtoto anavyorusha miguu, alimwambia mama yake kwamba huyu ameshaanza kushuka.

Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni kaka yake, Rudi, ndiye huyu mnayemwona amesimama mbele yenu na miwani ya kuazima.

Kabla hajaaga dunia, marehemu aliacha agizo. Alitaka neno moja lisomwe leo mbele ya vilabu vyote viwili vya skii, cha Mustalahti na cha Pendrick, watu wakiwa wamekaa na milango imefungwa. Neno hilo litasomwa mahali pake. Anayetaka kwenda kuvuta sigara akavute sasa hivi.

Marehemu alianza shule mwaka 1952 bila kujua neno hata moja la Kiingereza, maana nyumbani walizungumza Kifini tu, hata na ng'ombe. Nyumba yao ilikuwa juu na shule ilikuwa chini. Kwenda alitumia dakika nne, kurudi saa nzima, kwa hiyo katika miaka yote kumi na miwili hakuwahi kuchelewa shuleni na hakuwahi kufika nyumbani kwa wakati. Skii zake za kwanza alichongewa na baba kwa mbao ya betula, zikapakwa lami ya msonobari mpaka mtoto akanuka kama mtumbwi mpya. Mwalimu wake, Bi Treloar, aliwasimamisha watoto mmoja mmoja waseme wanataka kuwa nani wakikua. Wengine walisema wauguzi, wengine mapadri. Lempi alisema anataka kuwa wa kwanza. Mwalimu akamuuliza wa kwanza wa nini, naye akajibu wa kwanza kufika chini. Alimaliza shule Juni 1964, na kwa habari ya vyeti tuishie hapo, familia yetu haijawahi kujisifia vyeti wakati kuna mambo mengine tele ya kujisifia.

Kilima chetu mnakifahamu. Ni kile cha nyuma ya mgodi namba sita, chenye kamba ya kupandishia inayovutwa na injini ya lori bovu. Tangu mwaka 1938 sheria yake ni moja. Anayetaka kushika kamba bure siku nzima, kwanza apande kwa miguu na skii zake ubavu ubavu, nusu saa, akikanyaga theluji mpaka ishikamane. Daktari alikanyaga, mchungaji alikanyaga, watoto walikanyaga. Lempi alikanyaga saa nzima akapenda, akisema mteremko usioukanyaga huujui. Akiwa na miaka kumi na sita hakukuwa na mwanamume wa Mustalahti aliyemtangulia chini. Rudi alijaribu. Rudi alikutwa kwenye mti.

Sasa tufike mwaka 1967, na hapa naomba mtulie.

Jumapili, tarehe 12 Februari 1967, siku mbili kabla ya kutimiza miaka ishirini na mmoja, marehemu alikwenda kushindana kule Pendrick, maili kumi na moja kutoka hapa. Watu kama mia tatu walikuja. Fundi wa nta wa kilima cha Pendrick alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne aitwaye Josip Lukanich, na huyo bwana alikuwa na mkono. Alikuwa akishika theluji kiganjani, akiinusa, akiipuliza, kisha anachagua nta, na skii aliyoipaka yeye ilikimbia kama imeona moto. Majira ya kuchipua alikuwa aende na timu ya jimbo, awapakie nta huko mashindano makubwa. Kwa heshima ya mgeni alimpa Lempi nta ile ile aliyowapa wasichana wa timu yake, apake mwenyewe nyumbani usiku wa kuamkia siku ile.

Mlango wa kuanzia ukafunguliwa, Lempi akaruka. Alipita milingoti mitatu ya kuonyesha njia. Kwenye ule wa nne, pale mteremko unapolegea kidogo, akasimama. Mtu anashuka mlima, na amesimama. Theluji ilikuwa imejikandika chini ya skii kama unga wa mkate, na kila alipojisukuma iliongezeka. Alishuka sehemu iliyobaki kwa kutembea, mbele ya watu mia tatu na bendi ya tarumbeta. Alipofika chini aliinua skii moja juu, akamwonyesha Josip kidole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba mtu huyu amempa nta ya kumharibia.

Na watu walimwamini. Kwa nini wasiamini? Hakuwa mwongo. Kamati zilikaa, jina la Josip Lukanich likaondolewa kwenye timu ya jimbo, na hata Pendrick kwenyewe hakuna aliyempa tena skii zake apake. Walimweka kwenye kibanda cha mashine ya kamba, juu kule. Alikaa kibandani humo majira hamsini na sita ya baridi.

Marehemu aliapa kwamba hatakanyaga tena kilima kile maadamu Lukanich anaendesha kamba yake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye dobi ya mjini, miaka saba, na kila alipokumbuka kazi ile alikuwa anapiga miayo. Tarehe 4 Novemba 1974 aliajiriwa na wilaya kuendesha lori la theluji, lile lenye sepeto la chuma mbele, na alikuwa mwanamke wa kwanza kulishika upande wetu wote. Wanaume walikaa karakana wakisubiri alitumbukize mtaroni. Walisubiri miaka ishirini na saba, wakastaafu mmoja mmoja wakiwa bado wanasubiri. Wageni wakiambiwa kwamba kwetu theluji ya msimu mmoja ikipangwa inapita paa la ghorofa mbili, wanafikiri ni maneno ya Rudi. Waulizeni wale aliowafukua. Waulizeni watoto wawili wa shamba la Ojala waliozaliwa hospitali badala ya jikoni kwa sababu lori la Lempi lilitangulia gari la mama yao alfajiri mbili tofauti.

Barabara yake ilipita mbele ya lango la kilima cha Pendrick. Kila lori la theluji huacha tuta pembeni, hilo halizuiliki. Lakini tuta aliloliacha marehemu kwenye lango lile lilikuwa kubwa kuliko matuta mengine yote ya wilaya, na halikujitengeneza lenyewe. Josip Lukanich alikuwa anakuja na koleo, analichimba, anapita. Hakuwahi kupeleka malalamiko. Jambo hilo lilimkera marehemu kuliko kama angepeleka.

Tarehe 21 Juni 1969, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Leonard Kuoppala, fundi bomba, mtu mpole ambaye alichukia kuteleza kama paka anavyochukia kuogeshwa. Alimchumbia kwenye kamba. Alipanda mara moja tu maishani, ili amfikie alipo, glavu zake mbichi zikagandamana na kamba, na alipofika juu hakuweza kuachia. Ikabidi aseme haraka haraka kabla hajazungushwa kwenye gurudumu. Marehemu alikubali kwanza, kisha akazima injini. Walijaliwa watoto wawili, Marlys mwaka 1971 na Wendell mwaka 1974. Leonard aliwalea kule chini ya kila kilima, ndani ya gari, na chupa ya kahawa na pasti za viazi na nyama zilizofungwa kwenye magazeti zisipoe. Alifariki mwaka 2011, na alipofariki kulikuwa na mkate wa iliki kwenye mfuko wa koti lake.

Alipostaafu, mwaka 2001, marehemu alitangaza mezani kwamba atashuka kila kilima chenye kamba au viti kuzunguka Ziwa lote, majimbo matatu na upande wa Kanada, kabla Mungu hajamwita. Wakakaa na ramani, vikawa vilima ishirini na vitatu. Na hapo, ndugu zangu, ndipo maisha yalipoanza kukimbia.

Alishuka Iron Bell, ambako wana hoteli ya ghorofa tano na mabwawa ya maji ya moto yaliyo nje kwenye baridi, na marehemu akawaambia wenye hoteli kwamba wamejenga sauna wakasahau kuta na paa. Alishuka Agate Bluff, ambako ukitoka kwenye kiti unaliona Ziwa lote limelala chini ya pua za skii zako, kijivu, halina mwisho, mpaka unaogopa kwamba usipokata kona utaingia majini. Hakukata kona mpaka dakika ya mwisho, na Leonard kule chini alifunga macho. Alishuka Black Otter, ng'ambo ya Kanada, nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri, viti vikakwama hewani dakika arobaini. Aliwaimbisha nyimbo za kanisa watu wote waliokuwa kwenye waya, Wakanada kwa wenyeji Waojibwe kwa watalii wa mjini, sauti nne, na walipokwamuliwa wengine hawakutaka kushuka. Kuna kilima kimoja kidogo cha upande wa Wisconsin ambacho mwenyewe hupika supu ya samaki kwenye kibanda cha tiketi, na ukimwambia ni tamu anakupa zamu mbili za kamba bure. Kuna kingine ambako swala mkubwa wa kaskazini, yule mrefu kama farasi mwenye pembe pana, alikuwa amelala katikati ya njia. Lempi alimpitia kushoto, Rudi akampitia kulia, na tangu siku hiyo Rudi anaheshimika kwa swala wale, ingawa hakuna shahidi.

Ninyi vijana mnaopanda ndege kwenda milima ya mbali, marehemu alitaka muambiwe hivi: mna vilima ishirini na vitatu mlangoni penu. Nendeni. Nendeni Januari upepo ukitoka juu ya maji, wakati Ziwa likipumua unga ule wa theluji, mwepesi, mkavu, unaofika magotini na hauna sauti. Kila tiketi alikuwa anaifunga kwenye zipu ya koti lake, hakutoa hata moja, mpaka alipokuwa akitembea zinachakacha kama manyoya ya kuku mkubwa.

Mwaka 2016 alikuwa na tiketi ishirini na mbili. Alikuwa amevuka maili mia nane kwenda upande wa pili wa Ziwa. Kilichobaki kilikuwa maili kumi na moja kutoka kitandani kwake. Tulimtania. Tulimwambia Pendrick inamwogopa, kumbe ni yeye anayeiogopa. Kwa kawaida angejibu. Kwa hilo alikuwa anainuka kwenda kuosha vyombo visafi.

Tarehe 10 Oktoba 2022 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Walimwambia labda ataona mwisho wa baridi. Aliuliza mwisho gani, wa kalenda au wa theluji, kwa kuwa kwetu hupishana miezi miwili. Alikunywa dawa zake, akafundisha wajukuu kupaka lami, na Jumamosi, tarehe 4 Machi 2023, asubuhi, alimpigia Rudi simu akamwambia alete gari na skii zake, na kwamba skii azifunge juu ya gari, zikae nje.

Kule Pendrick alinunua tiketi kama mtu yeyote. Kisha hakwenda kwenye kamba. Alipelekwa kwa pikipiki ya theluji moja kwa moja mpaka juu, kwenye kibanda cha mashine. Josip Lukanich, miaka themanini, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akisikiliza injini yake.

"Lempi," akasema. "Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimechelewa."

"Umechelewa kweli, mama. Kaa, ndoo nyingine hiyo hapo."

Hakukaa. Alimwambia akiwa amesimama, ameshika mlango. "Nta yako haikuwa na kosa, Josip. Skii zangu zilikuwa za moto. Nilizilaza kwenye sauna usiku kucha ili nta izame, asubuhi tukachelewa kutoka, nikazifunga kwenye mablanketi ndani ya gari. Zilifika bado za moto. Nikazikanyagisha kwenye theluji kavu pale mlangoni, dakika kumi, nikisubiri zamu yangu, theluji ikayeyuka na kugandia chini yake. Nilijua kabla sijafika mlingoti wa nne."

Mzee aliipunguza injini ili asikie vizuri, ingawa alikuwa amesikia.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Zilikuwa zinatoa mvuke, dada. Umesimama pale mlangoni na skii zinafuka kama sufuria. Nani asingeona?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Wewe ulikuwa na sauti kubwa zaidi."

Marehemu ndipo akaikalia ndoo. Aliomba msamaha, na hilo halikuwa jepesi kwa mtu wa ukoo wetu, tuna shingo za chuma. Josip alimwacha amalize. Halafu akamwambia neno ambalo ndilo limetuleta hapa.

"Uliponitukana kulikuwa na watu mia tatu na tarumbeta. Leo unaninong'oneza kwenye kibanda. Mimi nimekusamehe zamani, nisingeweza kuchimba lile tuta lako kila asubuhi na chuki juu yake, mgongo ungevunjika. Lakini wale watu hawajasikia."

Marehemu alimuahidi kwamba watasikia. Vilabu vyote viwili vilikuwa na chakula cha pamoja cha kufunga msimu, Jumamosi ya tarehe 15 Aprili. Angesimama pale aseme. Wakapeana mikono.

Kisha akasema anataka kushuka. Mzee Josip alitoka kibandani, akaichukua skii moja, akaigeuza, akapitisha nyuma ya kiganja chake toka ncha hadi mkia, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akaitazama theluji, akainusa. Akatoa mfukoni kipande cha nta, akapaka, akasugua, akafanya vivyo hivyo na ya pili, akampa. Zilikuwa skii za kwanza za mashindano kupakwa na mkono ule tangu mwaka 1967, ingawa mashindano yalikuwa na mshindani mmoja.

Na aliruka, jamani. Mwanamke wa miaka sabini na saba, ana uzito wa gunia tupu, alishuka kilima cha Pendrick bila kukata kona yoyote ambayo haikuwa lazima. Pale kwenye mlingoti wa nne, mahali mteremko unapolegea, aliinama chini zaidi, akapita kama kitu kilichotupwa. Watoto wa Pendrick walisimama wakatazama. Rudi alikuwa chini na hakufunga macho. Alipofika alikuwa anacheka mpaka amekosa pumzi, akasema kilima hiki ndicho kizuri kuliko vyote ishirini na vitatu, na kwamba ni aibu kukisafishia barabara miaka ishirini na saba bila kuingia.

Wiki mbili baadaye ugonjwa ulimlaza kitandani. Kila siku alikuwa anauliza tarehe. Aliaga dunia nyumbani kwake Jumatano, tarehe 5 Aprili 2023, saa kumi na moja jioni, wanawe wakiwa pande mbili za kitanda, siku kumi kabla ya chakula kile. Maneno yake ya mwisho kwa kaka yake yalikuwa kwamba udongo wetu umeganda na kaburi halichimbiki kabla ya Mei, hivyo ana mwezi mzima wa kuandika, na asipambe.

Chakula cha tarehe 15 Aprili kiliahirishwa kwa heshima yake. Ndiyo maana leo, Jumamosi, tarehe 13 Mei 2023, vilabu vyote viwili vimo humu. Tumehesabu, ni watu mia tatu na zaidi, na bendi ya shule ipo pale nyuma. Lempi Kuoppala, kwa kinywa cha kaka yake, anasema: Mwaka 1967 nilimsingizia Josip Lukanich. Nta yake ilikuwa safi. Skii zangu nilizipasha moto mwenyewe. Nilisema uongo kwa sababu niliona aibu, nikaendelea kuusema kwa sababu niliona aibu zaidi. Jina lake lirudishwe mahali lilipotolewa.

Na kaka yake anaongeza, kwa kuwa hakuambiwa asiongeze, kwamba aliyemshauri dada yake alaze skii kwenye sauna, akidai skii ya moto hukimbia zaidi, alikuwa Rudi Niskala, miaka kumi na tisa, mjuaji. Naye alinyamaza miaka hiyo hiyo.

Marehemu ameacha watoto wawili, Marlys na Wendell, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Elsa, aliyeanza kusimama juu ya skii Januari, na kaka mmoja. Ameacha pia rafiki, Bwana Josip Lukanich, aliyekaa safu ya mbele pamoja na familia, kwa agizo la marehemu. Bwana Josip, tunakuomba usimame, watu wakuone.

Na Lempi apumzike sasa kwa amani. Limesemwa, na wote wamesikia.